Maswali ya Katuni: Superman wa Mnadani na Lodi Lofa wa Stoo

Nina Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile ya Superman akiinua gari. Niuze bei gani? (Muscat)

Swali hili haliishi kuletwa, na kila mara muulizaji hajapima. Chukua rula kwanza. Toleo la 1938 lina upana wa inchi 7¾ hivi na kimo cha inchi 10½. Mwaka 1974 DC, wachapishaji wa Superman, walilichapa upya lote, matangazo na yote, ila kwa ukubwa wa karibu inchi 10 kwa 13½, na kulivalisha jalada la pili kwa nje lenye maelezo kuwa ni marudio. Matapeli huchomoa hilo la nje. Kama lako ni kubwa hivyo, ni la 1974. Likiwa dogo, usishangilie bado, maana zipo chapa nyingine za baadaye. Kurasa nyeupe zinazong'aa haziwezi kuwa za 1938. Nakala halisi moja, iliyotoka kwa senti 10, ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6 mwaka 2024. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi kwa picha za simu.

Majarida yangu ya Sani, yale ya katuni ya Tanzania, yamegeuka manjano na yananuka uvundo. Niyatie kwenye plastiki? (Tanga)

Asante kwa kuuliza. Wanaotaka bei ya Superman ni wengi. Wanaojali kuwatunza wahusika wa Sani, Lodi Lofa, Ndumilakuwili au Pimbi, ni wachache, na huku majarida yale yanafungia karanga.

Umanjano hautoki. Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoupa mti ugumu. Mwanga na hewa huibadilisha rangi, asidi huifanya imeguke. Usithubutu kupaka jiki. Yaanike kivulini penye upepo siku mbili au tatu, yakiwa yamefunguliwa. Ukungu ukikauka kabisa, upanguse kwa brashi laini, nje ya nyumba, na barakoa usoni.

Kisha fungua ukurasa wa katikati uangalie pini. Pwani kutu huanza pale: duara dogo la kahawia kuzunguka tundu, halafu karatasi ya kati inachomoka yenyewe. Nyoosha miguu ya pini kwa kisu butu, itoe, ushone kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale.

Plastiki laini yenye harufu kali, yaani PVC, hung'ang'ania wino. Tumia mifuko ya polipropilini (huandikwa PP), na mdomo uache wazi, kwani unyevu uliofungiwa ndani huzaa ukungu upya. Yalaze bapa sandukuni, mbali na ukuta na sakafu. Mchwa hawabishi hodi.

Jalada limechanika. Selotepu inafaa? (Nakuru)

Haifai, na tuache kuulizana hili. Gundi yake huzama kwenye karatasi, hugeuka kahawia, kisha plastiki hubanduka na kuacha doa la kudumu. Pika wanga wa ngano (siyo unga wa ngano, huo huita wadudu): kijiko 1 kwa vijiko 5 vya maji, moto mdogo, koroga mpaka uwe mzito, upoe, uchuje. Paka kidogo sana kwenye ukanda wa karatasi nyembamba isiyo na maandishi, bandika upande wa ndani, kandamiza kwa kitabu kizito usiku kucha.

Katuni si mambo ya watoto? (Dodoma)

Chakubanga, katuni ya Christian Gregory, alikuwa kwenye gazeti la Uhuru, na waliokuwa wakilinunua hawakuwa watoto.

Nataka kuskani katuni za zamani niziweke mtandaoni. Nifanyeje? (Mombasa)

Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), hifadhi faili la TIFF, lisilopoteza ubora, na la JPEG, lililo dogo, liwe la kuwatumia watu tu. Omba ruhusa: Tanzania hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Na tafadhali, usikate kingo ili picha ikae vizuri kwenye simu. Sahihi ya mchoraji mara nyingi iko kona ya chini, ndogo kama punje ya mchele. Juha Kalulu, katuni ya gazeti la Taifa Leo la Kenya, anazungushwa kila mahali, lakini ni wangapi wanaomtaja Edward Gitau aliyemchora? Jina la faili lianze na mchoraji, lifuate jarida, namba ya toleo, mwaka, ukurasa. Ukiacha kazi hiyo kwa baadaye, jina ndilo la kwanza kupotea.