Mtazame Anayeachwa Bila Mlinzi: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Video katika Kikapu cha Vyuo vya Marekani

Kila mwaka hunifikia ujumbe wa vijana wawili watatu, wengi wao wakiwa wamecheza mpira wa kikapu Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kuja Marekani kusoma, wakiniuliza wajiandae vipi baada ya kupata nafasi ya kusaidia katika chumba cha video cha timu ya chuo. Karibu wote huanza na swali moja: timu fulani inacheza mfumo gani? Swali hilo lina maana yake, ila si la kwanza. Mfumo utaukuta umeandikwa kwenye faili na ndani ya wiki mbili utakuwa umeukariri. Litakalokuchukua misimu kadhaa kulielewa ni namna mfumo uleule, chini ya kocha yuleyule, unavyogeuka kuwa mchezo mwingine kabisa kwa sababu mtu mmoja amehitimu na mwingine amehamia kwingine.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kwenye chuo kidogo, na senta (mchezaji mrefu wa chini ya kikapu) aliyetuchezea kwa miaka minne alikuwa ndiyo kwanza amehitimu. Alikuwa mzito, haruki sana, lakini akiachwa peke yake nje ya mstari wa pointi tatu alikuwa anatupa bila wasiwasi. Aliyechukua nafasi yake alikuwa mrefu zaidi, mwepesi zaidi, na hodari zaidi wa kudaka ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, na kila mtu, mimi nikiwemo, alisema tumepata senta bora kuliko wa awali. Nikakata klipu za msimu uliopita, nikazipanga kwa majina ya mipango, nikamkabidhi kocha nikijiona nimemaliza kazi. Mwezi wa kwanza wa mashindano ukatuumbua. Ipo klipu moja ambayo bado naiona nikifumba macho: mpira uko upande wa kulia, senta wetu amesimama kona ya kushoto, mikono tayari kupokea, na senta wa wapinzani yuko mita tano kutoka kwake, mguu mmoja ndani ya eneo la sekunde tatu, lile la mstatili chini ya kikapu, mkono kiunoni, hamtazami hata kwa bahati mbaya. Gadi wetu, mchezaji wa nje anayeongoza mpira, alimpita mlinzi wake vizuri kabisa, akaingia, akamkuta huyo bwana anamsubiri. Akarudisha mpira nje, saa ya shambulizi ikabaki na sekunde nne, tukatupa mtupo wa kulazimisha. Shambulizi lililofuata lilikuwa nakala ya hilo.

Huyo senta wa wapinzani hakuvunja kanuni yoyote. NBA humkataza mlinzi kukaa katika eneo hilo zaidi ya sekunde tatu ikiwa hayuko karibu na mtu anayemlinda. Katika vyuo, kama ilivyo katika kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tulizokulia, hakuna katazo hilo, na mlinzi anaweza kusimama chini ya kikapu mechi nzima akitaka. Kinachomtoa hapo ni hofu ya mtu anayemlinda. Ndiyo maana nawaambia wageni wa kazi hii kwamba, wakitaka kujua timu itashambulia vipi mwaka huu, wasianze na nyota. Waanze na mtu ambaye wapinzani watathubutu kumwacha, kisha wahesabu ni wangapi wa namna hiyo watakaokuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Akiwa mmoja, kocha mzuri atapata pa kumficha. Wakiwa wawili, kurasa nyingi za faili hugeuka karatasi tupu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ni vizuri uwe nayo kichwani kuliko kwenye kompyuta. Mtupaji anayepata asilimia 35 ya mitupo ya pointi tatu anatoa pointi 1.05 kwa kila mtupo. Anayetupa za pointi mbili lazima apate asilimia 52.5 ili alingane naye. Mtu wa asilimia 25 anatoa pointi 0.75, na mlinzi yeyote mwenye akili atamkaribisha atupe. Mstari wenyewe nao umesogea. Ulipoanza kutumika katika vyuo vyote msimu wa 1986-87 ulikuwa mita 6.02 kutoka kikapuni; tangu msimu wa 2019-20 wanaume wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya vyuo, wanatumia umbali wa kimataifa wa mita 6.75. Kadiri mstari unavyokwenda mbali, ndivyo mlinzi anayetoka kusaidia anavyokuwa na safari ndefu ya kurudi kwa mtu wake, kwa hiyo watupaji watano wanapata uwanja mpana kuliko zamani. Kwa upande mwingine, mmoja asiyetupa anakuwa gharama kubwa kuliko zamani, kwa kuwa ndiye anayempa mlinzi ruhusa ya kutosafiri kabisa.

Ukitaka darasa lililo wazi, itazame Purdue, chuo cha West Lafayette katika jimbo la Indiana, chini ya Matt Painter, ambaye amekuwa kocha mkuu pale tangu 2005. Msimu wa 2017-18 alikuwa na Isaac Haas, senta wa mita 2.18, na mipira mingi ilipelekwa ndani akiwa amekipa kikapu mgongo. Haas akahitimu pamoja na wenzake watatu wa kikosi cha kwanza, na aliyebaki kuwa mfungaji ni Carsen Edwards, gadi mfupi anayetupa kutoka popote. Painter hakuhangaika kumtafuta Haas mwingine. Alimzungusha Edwards nyuma ya skrini moja baada ya nyingine (skrini ni mwenzako kusimama njiani na kumzuia mlinzi wako) mpaka apate upenyo wa nusu hatua, na Machi 2019, katika robo fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo dhidi ya Virginia, Edwards alifunga pointi 42, akiingiza mitupo kumi ya pointi tatu. Purdue walishindwa 80-75 katika muda wa nyongeza, lakini ukiziweka klipu za misimu hiyo miwili sambamba, huwezi kuamini kwamba zimetoka kwa kocha mmoja.

Kisha akaja Zach Edey, kijana wa Toronto mwenye mita 2.24, na mpira ukarudi ndani. Hapa ndipo nataka mkae kwa muda, kwa kuwa Purdue ya Edey ni timu mbili na watu wengi huitaja kama moja. Machi 2023 walipoteza 63-58 mbele ya Fairleigh Dickinson, timu iliyokuwa fupi kuliko zote za Divisheni ya Kwanza mwaka huo. Watu waliandika kwamba zama za senta wa kucheza na mgongo zimekwisha. Ukiitazama mechi hiyo kwa utulivu utaona jambo jingine: mlinzi mmoja mbele ya Edey, mmoja nyuma yake, wa tatu akinyemelea, na hao wa ziada walitoka kwa magadi wachanga wa Purdue ambao usiku huo waliogopeka kidogo tu. Timu ilipata mitupo mitano ya pointi tatu kati ya 26. Hata hivyo Edey alifunga pointi 21 na kudaka ribaundi 15. Kwa hiyo tatizo halikuwa yeye, na Painter alilijua hilo. Hakubadili mfumo, alimleta Lance Jones kutoka chuo cha Southern Illinois, gadi mwenye kasi na asiyeogopa kutupa, na magadi wale wachanga, Braden Smith na Fletcher Loyer, wakarudi wakiwa na mwaka mmoja mwilini. Msimu wa 2023-24 timu ilipata zaidi ya asilimia 40 ya mitupo ya pointi tatu na ikafika fainali ya taifa. Kwenye karatasi ya mipango ni vigumu kuona tofauti. Kwenye video unaiona katika miguu ya walinzi wa pembeni, ambao sasa walikuwa wanasitasita kabla ya kumkimbilia Edey.

Fainali yenyewe ilikuwa mtihani wa pili, na UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, walikuja na jibu tofauti. Walimwacha senta wao, Donovan Clingan, apambane na Edey peke yake kwa sehemu kubwa ya mchezo, wengine wakabaki wamewaganda watupaji. Edey alifunga pointi 37. Purdue nzima ilijaribu mitupo saba tu ya pointi tatu na kupata mmoja, na UConn wakashinda 75-60. Mgeni anayesoma karatasi ya takwimu bila video atasema senta wa Purdue alitawala. Kwa kweli alitawala, na ndivyo wapinzani walivyotaka.

Edey alipoondoka, wengi tulitarajia mrefu mwingine apewe kiti chake, na kweli alikuwepo, Daniel Jacobsen, naye wa mita 2.24, lakini aliumia mguu katika mechi ya pili ya msimu wa 2024-25. Basi Trey Kaufman-Renn, fowadi wa mita 2.06, akasogezwa katikati. Huyu si mtupaji wa mbali, na kwa sheria niliyowapa hapo juu mngesema wapinzani watamwacha. Jibu la Painter ndilo lililonifundisha zaidi katika miaka ya karibuni: mtu asiyetupa usimpeleke kona akasimame, mpe kazi ya kuweka skrini. Mlinzi wake akijitenga naye na kubaki chini, Braden Smith anapita nyuma ya skrini hiyo bila wa kumsumbua. Akipanda kumkabili Smith, Kaufman-Renn anapokea pasi karibu na mstari wa mitupo huru, ana hatua mbili mpaka kikapuni na walinzi wawili wako nyuma yake. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 20 kwa mechi, na Smith akachaguliwa mchezaji bora wa Big Ten, ligi ya vyuo ambamo Purdue hucheza. Mimi na senta wetu wa kona ya kushoto tungekuwa na msimu mwingine kabisa kama ningeliwaza hilo miaka hiyo.

Nimeitaja Virginia kwa kupita. Kikosi chao chini ya kocha Tony Bennett kilikuwa miongoni mwa timu za polepole kuliko zote nchini, na watu waliifikiri ni timu isiyobadilika. Baada ya kufungwa 74-54 na chuo cha UMBC mwaka 2018, mara ya kwanza kwa timu ya daraja la 16, la mwisho katika upangaji wa timu, kumtoa wa daraja la kwanza katika mashindano ya wanaume, walirudi na kasi ileile ya konokono, ila kando ya skrini zao za zamani za watu wasio na mpira wakazidisha skrini za mwenye mpira ili Ty Jerome na Kyle Guy waamue wenyewe. Wakawa mabingwa wa 2019. Usidanganywe na kasi, kwani ni namba rahisi kupimika na aghalabu ndiyo inayokuambia machache.

Chuo cha Villanova nacho hutajwa kama mfano wa falsafa, ingawa mimi nauona zaidi kama mfano wa dharura. Kocha wao wa wakati huo, Jay Wright, alianza kuwapanga magadi wanne pamoja kwa sababu fowadi wake, Curtis Sumpter, aliumia goti. Randy Foye, Allan Ray, Kyle Lowry na Mike Nardi walikuwepo na ni wazuri, basi wakacheza. Mwaka 2006 walifika hatua ya timu nane bora. Ilichukua miaka mingi ya kusajili watu wanaofanana na dharura hiyo mpaka 2018, ambapo katika nusu fainali walipata mitupo 18 ya pointi tatu dhidi ya Kansas na kisha kulitwaa kombe. Sisi Waswahili wa kikapu tuna mfano wetu wa kutuonya upande wa pili, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechezea UConn kati ya 2006 na 2009. Nyumbani watu walidhani timu yenye mtu wa mita 2.21 lazima impelekee mpira kila shambulizi. Thamani yake kubwa ilikuwa upande wa ulinzi, mitupo zaidi ya minne akiizuia kila mechi, na mashambulizi ya UConn yalinufaika pale mpira uliozuiwa ulipoangukia mikononi mwa magadi wanaokimbia.

Sasa kuhusu kazi yako ya majira ya kuchipua, ambayo imekuwa ngumu kuliko nilipoanza mimi. Mfumo wa kusajili wanaotaka kuhama ulianza Oktoba 2018. Tangu 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka, na tangu 2024 anaweza kuhama mara nyingi ilimradi masomo yake yako sawa. Utakuta nusu ya kikosi ni wageni kama wewe. Chukua karatasi, andika waliobaki, na mbele ya kila jina andika jinsi alivyolindwa msimu uliopita: mlinzi wake alisimama hatua ngapi, alipita mbele au nyuma ya mtu aliyeweka skrini, alimwacha ili asaidie au hakumwacha. Wale wanaohamia kwenu watazame katika mechi za timu walizotoka kwa macho hayohayo. Usiridhike na asilimia yake ya mitupo, maana mtu anaweza kuwa na asilimia 38 kwa sababu alitupa akiwa wazi pembeni mwa nyota ambaye kwenu hayupo.

Kocha akikuuliza mashambulizi yatakuwaje, mwonyeshe karatasi hiyo kabla ya mpango wowote. Na mazoezi ya kiangazi yakianza, omba kamera moja ifungwe juu, nyuma ya kikapu. Kamera ya pembeni hufuata mpira na kumpoteza mlinzi aliye upande wa pili. Hii ya nyuma ya kikapu itakuonyesha wote kumi, na utaweza kusimamisha picha na kupima kwa macho yule wa kona ya kushoto ameachiwa mita ngapi.