Dishi halina jicho, linachoraje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi huku Mikindani. Usiku usio na mwezi naona mabaka mawili meupe upande wa kusini, na hayasukumwi na upepo. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema ni galaksi, na kwamba Waaustralia wamezichora ramani kwa madishi ya redio. Dishi halina jicho. Linachoraje?

JIBU: Marahaba, baba. Binti amesema kweli. Hayo ni Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani zetu, yaani makundi makubwa ya nyota. Nuru ya lile Kubwa husafiri miaka kama 160,000 hadi ikufikie hapo chomboni.

Katikati ya nyota zake kuna gesi ya haidrojeni ambayo jicho haliioni. Gesi hiyo hutoa wimbi la redio la sentimita 21. Chembe moja hukaa mamilioni ya miaka kabla ya kulitoa, lakini chembe ni nyingi mno, kwa hiyo mlio huo wa redio haukatiki.

Dishi hulenga mahali pamoja, likapima nguvu ya mlio, kisha likasogea. Ni kama kuitambua sura ya mtu gizani kwa kiganja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu Kerr, Hindman na Robinson walipapasa hivyo pale Potts Hill, karibu na Sydney, kwa dishi la mita 11. Kiganja chao kilikuwa kipana, kilifunika anga yenye upana wa miezi mipevu mitatu kwa mara moja, lakini kilitosha kuonyesha kwamba gesi imeenea kupita pale nyota zinapoishia.

Baadaye, karibu na Narrabri, huko huko Australia, madishi ya mita 22 yalitawanywa yakasikiliza kwa pamoja. Wingu Kubwa lililengwa mara 1,344! Hapa ndipo pananipendeza zaidi: madishi yaliyoachana hushika mikunjo midogo, ila hupoteza umbo pana. Ikabidi vipimo vya dishi moja kubwa la Parkes, la mita 64, viongezwe ili ramani ikamilike.

Tena ramani hiyo inaonyesha na mwendo. Gesi inayotujia mlio wake hupanda, inayotukimbia hushuka, kama honi ya basi linalopita. Kwa hiyo wataalamu waliona mashimo makubwa ndani ya Wingu, na gesi ikitanuka pembeni mwake, ikisukumwa na nyota kubwa na milipuko ya vifo vyake.

Januari, saa tatu usiku, simama na binti ufukweni mtazame kusini. Lile Kubwa huwa kama theluthi ya njia kutoka baharini kwenda utosini. Lile Dogo liko chini yake, kuliani. Mwaka 2018 madishi ya ASKAP, kule Australia Magharibi, yalionyesha gesi ikilitoka hilo Dogo. Gesi hiyo ndiyo ambayo lingeumbia nyota mpya.