Kihamba Kinapogeuzwa Viwanja

SWALI: Ndugu Mhariri, kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, migomba na mibuni ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, inang'olewa kupisha nyumba za kupangisha, na sasa halmashauri ya kijiji imeanza kugawa hata eneo la malisho. Je, sisi wakazi tuna kauli?

JIBU: Mnayo, ndugu msomaji, tena nzito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wenyewe, haujaridhia. Ombeni muhtasari wa mkutano huo, mkague tarehe na mahudhurio. Kuhusu vihamba, naumia nanyi: ukoo ukutane kabla shoka halijaingia, kwani mbuni mpya hukaa takriban miaka mitatu ndipo uzae.