Kifaranga ulichouziwa kama Kuroiler

Dada wa Ipagala, unasema kifaranga ulichonunua Majengo kama Kuroiler, yaani kuku chotara wa nyama na mayai, sasa kina wiki tatu na kinaota manyoya mekundu, na unauliza kama ni Kuroiler kweli. Rangi isikutie wasiwasi, Kuroiler hutoka rangi nyingi. Mshike umtazame miguu: chotara wa nyama ana miguu minene na kifua kipana, na ukimweka na wa kienyeji wa umri uleule anamzidi uzito waziwazi. Shingo tupu tangu kuanguliwa ni damu ya kishingo, kuku wa kienyeji asiye na manyoya shingoni. Miguu na shingo ndefu, anasimama wima, manyoya yanachelewa kuota? Huyo ana damu ya kuchi, kuku wa kienyeji mrefu.

Ninachokiogopa zaidi ni majogoo ya kuku wa mayai. Wauzaji wengine huyapitisha kama chotara kwa sababu ni ya bei chee. Kwa kuku wa mayai wa kahawia, majike huanguliwa wakiwa kahawia na majogoo njano iliyofifia, kisha huota manyoya meupe na kubaki membamba. Chako kilikuwa na rangi gani siku ya kwanza? Hata hivyo, usiamue kabla ya wiki ya nane, na chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) usiicheleweshe.