Kahawa ya kukaanga nyumbani kutoka chungu

Dada yangu wa Ujiji, umesema kahawa uliyokaanga mwenyewe imetoka chungu na inanuka moshi, ukauliza kama umeuziwa mbovu. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona tatizo ni moto.

Arabika ya Kalinzi, huko Kigoma, ni kahawa nzuri mno, inauma kuiunguza. Ukinunua, chukua buni zilizokobolewa, za ukubwa unaokaribiana, zisizo na matundu ya wadudu. Zinuse kiganjani, zikiwa na uvundo, ziache.

Tumia karai zito na mkaa uliokolea, usio na moshi. Weka viganja viwili tu, zisirundikane, halafu koroga bila kuacha, hata simu ikiita. Zitageuka njano na kunukia kama mkate, kisha kahawia, halafu utasikia zinaalika kama bisi. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Milio ikianza kupungua, epua. Usisubiri ziwe nyeusi na kung'aa mafuta, maana zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Zimwage kwenye ungo, uzipepete mpaka zipoe na makapi yapeperuke. Usizitwange siku hiyo, zilaze hadi kesho.

Kisha twanga za kunywa muda huo tu. Gramu 60 kwa lita 1 ya maji zinatosha. Maji yakichemka, yaepue, subiri kidogo ndipo umimine. Funika dakika 4, chuja. Kashata ikiwepo, sukari hutaihitaji.