Kikosi kinavunjika Januari, kilio tunakuja kukiangua Agosti

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mleta uzi kauliza kwa nini timu zetu za visiwani zinabomoka kila msimu ukimalizika. Timu yake imemaliza ya tano, imewapa mkono wa kwaheri wachezaji 11, imesajili 14, na straika wake mwenye magoli mengi kaondoka bure. Waliotangulia wamejibu "hakuna pesa" na "tafuteni mfadhili". Pesa kweli hakuna, sibishi. Lakini mimi nimekuwa katibu wa timu moja hapa Pemba kwa misimu minne. Tulipanda Ligi Kuu, tukakaa, tukashuka, na straika wangu naye aliondoka bure huku kalamu ninayo mimi. Kwa hiyo nistahamilieni kidogo, jibu langu refu.

Nianze na huyo straika. Tulimuokota kwenye ndondo, mechi za mtaani, huko Konde, mwembamba, mguu wa kushoto, haongei. Mkataba wake niliuandika mimi kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari niliyoichana katika daftari, maana mimi kazi yangu ni kusomesha skuli. Sentensi tano. Ada ya kusaini laki tatu, nusu leo na nusu "baada ya karafuu". Posho ya kila mwezi, nauli, viatu jozi moja. Kwenye muda wa mkataba nikaandika "hadi mwisho wa msimu". Tarehe hamna. Nikapiga na muhuri, nikaona nimefanya kazi ya mwanasheria.

Msimu ule ligi ikachelewa. Enzi hizo ilikuwa inachezwa kwa kanda, Unguja peke yao na Pemba peke yetu, halafu timu nne za kila upande zinakutana kwenye Nane Bora kutafuta bingwa. Sisi tulimaliza wa sita. Sasa niambieni, msimu wetu ulikwisha siku tuliyocheza mechi yetu ya mwisho, au siku bingwa alipokabidhiwa kombe? Mimi nilishikilia la pili. Wakala aliyekuwa akimpigia simu kijana kutoka Bara alishikilia la kwanza.

Usiku mmoja baada ya Isha kijana akaja nyumbani na ami yake. Tukakaa barazani, mke wangu akatoa kahawa na haluwa. Yule mzee akaitandaza karatasi yangu juu ya mkeka, akaikandamiza kwa kikombe isipeperuke, akasema, "Maalim, hebu nioneshe tarehe iko wapi hapa." Nikaitazama kama vile ndiyo kwanza naiona. Akaendelea kwa upole tu, "Na ile nusu ya baada ya karafuu? Karafuu tushauza, Maalim. Hata makonyo, vile vijiti vyake, tushauza."

Sikuwa na la kujibu. Kijana kainamisha kichwa muda wote, anachokonoa ukili wa mkeka. Kesho yake nikasaini barua ya kumwachia. Tulichopata sisi ni seti moja ya jezi, na namba za mgongoni zilibanduka mvua ya kwanza.

Baada ya hapo ndiyo nikakaa kuzisoma kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, usiku, kwenye simu, polepole kama mtu anayehitimisha juzuu. Nikagundua hata ningeiweka tarehe, bado ningeanguka. Mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu barua ya kuidai na kuipa siku 15, zikipita hajalipwa anavunja mkataba na haki iko upande wake. Sisi posho ilikuwa nyuma miezi mitatu. Mkataba usioulipia usitarajie ukukingie kitu.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni kipengele kingine. Mchezaji ambaye mkataba wake umebakisha miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na timu nyingine, akahamia huko mkataba wa kwanza ukimalizika. Sasa chukueni kalenda. Mikataba yetu mingi inaisha Juni. Rudisheni nyuma miezi sita mnaangukia Januari. Na Januari Zanzibar kuna nini?

Kombe la Mapinduzi, mashindano yetu ya kila Januari. Mwezi ule ule ambao kijana wetu yuko huru kusaini popote, ndio tunamsimamisha mbele ya Simba, Yanga na Azam, usiku, taa zimewaka, kamera za televisheni zimeelekezwa kwake, na jukwaani wamekaa makocha na mawakala wa Bara wenye daftari. Ni sawa na kuanika karafuu kando ya barabara halafu ukaenda kulala. Mlandege, klabu ya Unguja, walipochukua kombe lile 2023 kwa kuwafunga Singida Big Stars 2-1, halafu wakalirudia 2024 kwa kumfunga Simba 1-0 kwenye fainali, kisiwa kizima kilipiga honi. Mimi nilishangilia pia, ila kichwani nilikuwa nahesabu: katika hao 11, wangapi mkataba wao unavuka Juni? Dirisha dogo, la usajili wa katikati ya msimu, nalo huwa liko wazi mwezi huo huo. Beki Ibrahim Bacca alitoka timu ya KMKM ya hapa Zanzibar kwenda Yanga Januari, 2022. Sisemi aliondoka bure, nasema Januari ndio mlango, na sisi tunakwenda kuufunga Agosti.

Kwa hiyo mleta uzi, timu yako haikubomoka msimu ulipoisha. Ilibomoka miezi sita kabla, siku katibu wenu alipokuwa anatafuta tiketi za kuingilia uwanjani badala ya kukaa na straika na kumwambia, kijana, tuongeze miaka miwili.

Mwaka wa pili wa ukatibu wangu nililifungua faili. Wachezaji 23. Mikataba 19 inaisha siku moja. Kila mwaka tulikuwa tunawasainisha wote kwa pamoja, jioni moja, kwenye darasa la skuli, mchezaji mmoja anatoka mwengine anaingia kama chanjo, na wote mwaka mmoja mmoja kwa sababu tuliogopa kujifunga. Matokeo yake kila mwaka siku hiyo hiyo timu nzima inakuwa huru, na sisi tunajadiliana na watu 19 kwa wakati mmoja tukiwa na pesa ya watu sita. Wachezaji nao si wajinga. Wanapigiana simu. Golikipa akisikia namba nane kaongezwa elfu hamsini, naye anakataa kusaini.

Msimu uliofuata tukaanza kuzipishanisha tarehe. Walio chini ya miaka 20 na wana kitu mguuni, miaka mitatu. (Kwa walio chini ya 18 kanuni za FIFA haziruhusu zaidi ya mitatu, na mzazi mwite mezani hata kama kanuni haisemi.) Walio katikati, miwili. Wakongwe mmoja mmoja, na hawakukasirika kama nilivyohofu. Mmoja aliniambia mwenyewe, Maalim usinipe miwili, magoti haya hayafiki. Nikanunua daftari jipya, nikachora safu tatu: jina, tarehe ya mwisho, anadai nini. Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi.

Kwenye karafuu msinicheke. Huku kwetu timu inaishi kwa msimu wa karafuu. Wenye mashamba wakishauza ndipo michango inaingia, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa vizuri hata mipira ya mazoezi inakuwa mmoja. Kosa letu lilikuwa kuahidi pesa ya mti ambao bado haujachumwa. Na wachezaji wenyewe wakati wa uchumaji huwaoni mazoezini, wako juu ya mikarafuu, na siwezi kumlaumu mtu anayepata kwa siku mbili kile ninachomlipa mimi kwa mwezi.

Halafu wachangiaji wawili humu wamegusia timu za vikosi vya Serikali, wakakimbia. Tuseme. Kuanzia 2013 hadi 2024 ubingwa wa Zanzibar ulizunguka kwa KMKM, Mafunzo, Zimamoto na JKU, zote za vikosi, na aliyepenya kati yao ni Mlandege peke yake, 2020. Watu wanasema ni magwanda na nidhamu. Mimi nasema ni mkataba. Kikosi kinampa mchezaji kitu ambacho klabu ya uraiani haiwezi kukiandika popote: ajira. Mshahara mwisho wa mwezi hata akivunjika mguu, na kiinua mgongo akizeeka. Timu ambayo wachezaji wake hawahami kila Agosti inajengeka. KMKM kuchukua mitatu mfululizo, 2021 hadi 2023, si uchawi.

Nilikuwa na namba tatu, beki wa kushoto, mzuri sana, katika wachezaji niliowapenda ni wa kwanza. Januari nikamuongeza miaka miwili, tarehe kamili, deni sifuri, nikajipongeza. Agosti akaja kuniaga: jina lake limetoka, anaingia depo, mafunzo ya kikosi. Ningeweza kumtolea ile karatasi. Ina muhuri na kila kitu. Lakini mama yake anauza maandazi njia ninayopita kwenda skuli, na kila siku ya Mungu ananisalimia. Nikamwachia, na nikamuombea dua. Hapo hakuna kanuni ya FIFA itakayokusaidia.

Ila nisijisafishe. Alipoondoka namba tatu, kamati ikakaa kujaza pengo. Tulikuwa wajumbe saba na kila mjumbe ana mchezaji wake. Huyu mtoto wa shemeji, yule anatoka kijijini kwa mweka hazina, yule mwengine alifunga magoli mawili kwenye ndondo ya Eid. Tukatoka kwenye kikao na namba kumi wanne. Wanne! Namba tatu hatukusajili, tukamtia winga acheze pale, na mechi ya kwanza mabao yote matatu yalipita upande wake. Msimu ule ndio tulioshuka. Tungeandika ubaoni namba moja hadi 11 na kuangalia wapi pako wazi kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, ingetuchukua dakika kumi.

Kuna ndugu kasema mikataba mirefu ni utumwa, akatoa mfano wa Fei Toto (Feisal Salum) na Yanga. Feisal ni wetu, alikuzwa JKU, na lile sakata lilituuma wote. Lakini lisomwe vizuri. Desemba 2022 aliwaingizia Yanga milioni 112, yaani ada ya usajili na mishahara ya miezi mitatu, akasema mkataba umekwisha. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje nusu msimu, hadi Juni ndipo Azam walipolimaliza kwa kukaa na Yanga mezani. Mimi sioni kama tatizo lilikuwa urefu. Tatizo ni kwamba upande mmoja uliamini mlango wa kutokea upo, na upande wa pili ukaamini haupo. Sasa kwenye mikataba yangu ya mwisho niliandika kabisa: timu ya Bara ikija na kiasi hiki, mchezaji aende, na asilimia fulani ibaki kwetu akiuzwa tena. Kijana akisoma anaona mlango uko wapi na unafunguliwa kwa shilingi ngapi. Hakuna aliyeuita utumwa.

Na hiyo asilimia iandikeni, kwa sababu hakuna atakayewaletea. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Kule kwa wenzetu mchezaji akiuzwa nje ya nchi asilimia 5 ya pesa inagawiwa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Klabu ya Wete au Micheweni ikisubiri mgao huo uje wenyewe, itasubiri sana. Kilichoandikwa kwenye mkataba wako ndicho unachoweza kukidai.

Yule straika wetu wa Konde, kwa wanaotaka kujua, Bara alicheza msimu mmoja na nusu, akarudi. Juzi nimekutana naye bandarini Mkoani anashusha mizigo ya boti. Kanisalimia vizuri, kanibebea na begi. Tumecheka habari ya makonyo.

Mleta uzi, hao 14 mliowasajili: mikataba yao inaisha tarehe ngapi, na wangapi wanaisha siku moja? Mtafute katibu wenu umuulize hilo tu, urudi hapa utuambie. Akikujibu "mwisho wa msimu", mpe namba yangu.