Ukoka Unakauka na Maji Unamwagilia? Vuta Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Kigamboni kanitumia picha ya ukoka wake: mabaka ya kahawia mbele ya kibaraza, na pembeni mpira wa maji bado unatiririka. Urea ameshanunua. Anauliza aongeze maji au aongeze mbolea. Dada yangu, usiongeze chochote. Shika hizo nyasi, vuta, uone kama chini kuna funza wanaokula mizizi.

Mimi nilianza kuvuta kwa hasira. Ukoka wangu wa Goba niliupanda mwenyewe kipandikizi kwa kipandikizi, nikiumwagilia maji ya boza, na wanaonunua maji ya boza wanajua hapo nimesema nini. Vuli ikanyesha vizuri, kwa jirani kijani, kwangu njano. Shemeji akaja na wageni, akasema mbele yao kwamba wanawake wa mjini tunapenda majani ila kilimo hatukijui. Nilicheka. Mpaka leo sijasahau.

Fundi bustani naye akasema, "Mama, hili ni jua. Tung'oe, tuweke nyasi za paspalum," na bei akaitaja palepale. Nikamuuliza, jua gani linalochoma upande wa taa ya geti tu na kuuacha upande wa pili? Na mbona kila asubuhi kunguru wanashinda hapohapo wakichokoachokoa? Hakuwa na jibu. Nikainama, nikashika nyasi za kwenye baka, nikavuta. Zikainuka kama jamvi, mizizi hakuna. Chini yake funza weupe, wanene, kila mmoja amejikunja mkia ukikaribia kichwa. Kichwa cha rangi ya kahawia, miguu sita imesogeana karibu na kichwa, na sehemu ya nyuma ina kijivu cha udongo alioumeza, unauona kupitia ngozi.

"Hao wa samadi tu," fundi akasema. Nusu ni kweli, na ndiyo nusu inayodanganya watu. Kwenye samadi na magogo ya minazi yaliyooza hukaa funza wa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi yetu. Funza wake ni mkubwa, unene unafika kidole gumba, na anakula vilivyooza. Hawa wangu walikuwa wadogo zaidi, na mizizi mibichi ndiyo ilikuwa imeisha. Anayekula samadi hawezi kukuachia ukoka usio na mizizi.

Wala msiwachanganye na mchwa. Mchwa huacha udongo aliojengea juu ya majani makavu, unauona kwa macho. Funza huyu haachi kitu juu. Ndiyo maana nasema vuta. Oili chafu ambayo watu humwaga wakidhani ni mchwa itakuulia nyasi zilizobaki, na udongo wenyewe utauharibu.

Ukishavuta, chimba kipande cha sentimita 30 kwa 30 pembeni mwa baka, pale penye njano panapokutana na kijani, kina cha vidole vinne, uhesabu. Funza mmoja au wawili si msiba, bustani yenye afya inawavumilia. Wakifika 5 hadi 10, shughulika.

Mimi nilianza na kuku. Nilikwatua mabaka, nikafungulia kuku wa kienyeji, na nikashangaa fundi anavyolipwa kwa kazi ambayo tetea anaifanya kwa furaha. Kwa ua mdogo inatosha kabisa. Kwa bustani kubwa kuna dawa zenye imidakloprid, kiuatilifu cha wadudu, lakini wakati wake ni funza wakiwa bado wadogo, wiki chache baada ya mvua za kwanza, pale mbawakawa wanapojigonga kwenye taa usiku. Hao ndio wanaoshuka kutaga mayai ya funza hawa kwenye udongo wenye unyevu. Funza akishanenepa, dawa haimtishi sana. Ukishaweka, mwagilia ishuke kwenye mizizi, kuku wafungie, na magugu yenye maua yakate kwanza kwa ajili ya nyuki. Nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye lebo. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji muachie muuzaji.

Na jamani, tuache tabia ya kununua kabla ya kuangalia. Bustani inakauka, mtu anakimbilia duka la pembejeo, anarudi na mfuko, anamwaga, anasubiri. Chini ya nyasi hajawahi kupatazama! Taa za nje zizimeni usiku msimu wa mbawakawa, ukoka msiunyoe hadi udongo uonekane, na kila baka jipya vuta. Shemeji yule yule siku hizi ananitumia picha za bustani yake ya Bunju akiuliza hili ni nini. Namjibu neno moja.

Palipokufa usipande upya mpaka uchimbe tena usikute funza. Mimi nilijazia kwa vipandikizi vya upande uliokuwa mzima. Hiyo paspalum sikuinunua hata gunia.